Mipaka ya programu haiifungi taa
Wengi huamini kwamba ukishaweka mipaka ya mzunguko kwenye programu ya kompyuta inayoongoza taa, taa ya jukwaani yenye kichwa kinachozunguka haitagusa tena pazia lililo jirani. Si kweli. Programu hubana tu namba za DMX (mfumo wa kutuma amri kwa taa) inazotuma, tuseme 60 hadi 190 badala ya 0 hadi 255. Taa yenyewe haina habari. Ukiiwasha tu, kichwa huzunguka kutafuta vitambuzi vinavyokionyesha kilipo, na kwa taa nyingi mwendo kamili ni nyuzi 540 kwa mlalo na 270 kwa wima. Hapo kompyuta haina usemi. Kwa hiyo zima umeme, zungusha kichwa kwa mkono pande zote, ukiona kuna nafasi ndipo ukaze klampu inayoshikilia taa. Mipaka iachie kazi ya kuwaepusha watazamaji na mwanga wa machoni, shoo ikiendelea.