Punguza Kilo Kwanza Ndipo Uje Klabuni?

"Wewe na mwili huo? Nenda ukapungue kwanza." Nimeyasikia maneno haya mlangoni mwa klabu moja ya ngumi hapa Kampala. Aliyeambiwa alikuwa mama wa makamo, amevaa raba mpya, siku yake ya kwanza. Hakurudi tena, na mpaka leo inaniuma.

Nadhani chanzo chake ni kwamba Uganda tumezoea kuzitazama ngumi kwa jicho la medali. Medali zetu za kwanza za Olimpiki, Mexico mwaka 1968, zililetwa na mabondia, Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo. Lakini anayetafuta afya hashindanii mkanda wa mtu.

Na mwili mnene hauna sababu ya kungoja. Hong Kong walichukuliwa watu 543 wa miaka 50 na kuendelea, wote wenye unene wa tumbo. Waliocheza taichi, ile sanaa ya mapigano ya Kichina inayochezwa polepole, walifanya saa moja mara tatu kwa wiki kwa wiki 12. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha viuno vyao vimepungua kwa karibu sentimita 2 wakilinganishwa na wasiofanya mazoezi. Ni kidogo kwa macho, lakini mafuta ya tumboni ndiyo yanayoandamana na kisukari na presha.

"Mwezi mzima karate, mizani haijasogea. Basi haisaidii." Inasaidia. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake, homoni ya kushusha sukari, imezembea. Moyo nao huzoea, presha huanza kushuka. Kilo hutegemea zaidi sahani: rolex mbili, zile chapati zetu za kuviringishwa na mayai, baada ya mazoezi zinaweza kurudisha yote uliyoyatolea jasho.

"Nikikonda watasema nina silimu." Hofu hii siichukulii kwa wepesi. Ukimwi ulipoingia Rakai mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliuita hivyo kwa sababu uliwakausha wagonjwa, na karibu kila ukoo una mtu uliyemzika. Tangu hapo mtu akipungua, majirani hunong'ona. Lakini ugonjwa ule hula misuli, na mazoezi huijenga. Aliyepungua kwa mazoezi utamjua akipanda kilima cha Kololo huku bado anazungumza. Anayepungua bila kubadili chakula wala kufanya mazoezi ndiye anayepaswa kwenda kupimwa.

"Magoti yangu yatakwisha." Hapa pana ukweli nusu. Kuruka kamba na mateke ya kuruka vinamwumiza mtu mzito, na mwalimu anayempa hayo siku ya kwanza hajui kazi yake. Aanze na hatua, kupiga ngumi mfuko wa mazoezi, mateke ya chini. Kwenye judo aanze kwa kujifunza kuanguka, tena polepole, kutoka kwenye kuchuchumaa. Akipungua hata kilo moja, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Je, ni lazima kupigana? La, na mimi ningekataza kabisa. Ngumi za kichwa hudhuru ubongo, hazimpi mtu afya yoyote. Mfuko na padi za mwalimu zinatosha. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa hiyo vipindi vitatu vya dakika 50 vinatimiza hesabu.

Kabla ya kipindi cha kwanza, pima presha na sukari. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kuhusu dozi, na aweke glukosi au soda yenye sukari kwenye begi, sukari isije ikashuka mno. Kifua kikibana katikati ya mazoezi, aache papo hapo na kutafuta hospitali.