Homa, kifua kikuu na vidonge vya dukani: kazi ya saitokini mwilini

Saa saba mchana, jua linachoma, na mtu kajifunika blanketi juu ya kanga mbili huku meno yanagongana. Baadaye anatupa nguo zote pembeni, jasho linamtiririka, shuka limelowa. Yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa malaria anaijua hali hii. Pengine asichokijua ni kwamba joto lile halitoki kwa vimelea. Mwili wenyewe ndio unaolitengeneza, kwa amri ya protini ndogo sana ziitwazo saitokini.

Vimelea vya malaria vikikomaa ndani ya chembe nyekundu za damu, huzipasua na kumwaga mabaki kwenye damu. Seli nyeupe zikikutana na mabaki hayo hutoa saitokini, hasa TNF, intaleukini-1 na intaleukini-6. Ujumbe ukifika sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili, hutengenezwa kemikali iitwayo prostaglandini na kiwango kinapandishwa, tuseme kutoka nyuzi 37 hadi 39.5. Kuanzia hapo mwili unajihisi una baridi, na misuli inatetemeka ili kuzalisha joto lililopungua. Parasetamoli huzuia prostaglandini, kwa hiyo homa inashuka. Vimelea haivigusi hata kimoja. Mtoto aliyepoa na kuanza kucheza baada ya kunywa parasetamoli bado anahitaji kupimwa malaria siku hiyohiyo.

Saitokini ni nyingi, na kila moja ina kazi zaidi ya moja. Mojawapo ya zile za mwanzo kufahamika ni inteferoni. Mwaka 1957, jijini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua vipande vya utando wa yai la kuku, wakaviweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto, wakaona kwamba seli hizo zinatoa kitu kinachozikinga seli nyingine zisivamiwe. Ndivyo saitokini nyingi zinavyofanya kazi: seli moja inaita, jirani zake zinasikia.

Lakini ningependa tukae zaidi na TNF, kwa sababu hakuna saitokini inayonionyesha wazi kuliko hiyo jinsi mlinzi anavyoweza kugeuka mharibifu.

Bakteria wa kifua kikuu wakiingia mapafuni, mara nyingi kinga haiwezi kuwaua wote. Seli zake huwazingira, zikajipanga tabaka kwa tabaka hadi zikawa kama ukuta, bakteria wakabaki ndani wamefungiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu wote duniani wameambukizwa bakteria hawa, na wengi wao hawataugua maisha yao yote. TNF ndiyo inayoziweka seli hizo kwenye zamu.

Sasa mwangalie mgonjwa wa baridi yabisi. Anaamka vidole vimekakamaa, vifundo vimevimba na vina joto, kifungo cha shati kinamshinda mpaka saa nne asubuhi. Chunguza maji ya kwenye kiungo hicho, utaikuta TNF ileile, safari hii ikichochea kinga iharibu gegedu na mfupa wa mwenyewe. Mwaka 1992, Marc Feldmann na Ravinder Maini wa hospitali ya Charing Cross, London, walianza kuwapa dawa ya kuizuia TNF wagonjwa ambao tiba za awali zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia, nao wakapata nafuu kubwa. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa ya aina hiyo kwa ugonjwa huo.

Halafu ule ukuta ukaanza kubomoka. Taarifa ya mwaka 2001 ilikusanya watu 70 walioibukwa na kifua kikuu baada ya kutumia mojawapo ya dawa hizo, na kwa zaidi ya nusu yao ugonjwa ulikuwa umetoka nje ya mapafu. Tangu hapo mgonjwa hupimwa kwanza kifua kikuu kilichojificha. Kuna hata kipimo cha damu kinachotegemea saitokini nyingine: seli za mgonjwa huonyeshwa protini za bakteria hao, kisha hupimwa kiasi cha inteferoni-gama zinachotoa.

Dawa hizo za kuizuia TNF, ambazo ni sindano, ni ghali, na wengi wetu hatutakutana nazo. Tunachokutana nacho ni prednisoloni na deksamethasoni, vidonge vya bei nafuu vinavyonyamazisha saitokini nyingi kwa mpigo. Ni dawa nzuri sana mahali pake. Juni 2020, utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, kwa sababu kinga yao ilikuwa imewaka kupita kiasi. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia. Hao kinga yao ilikuwa bado inapigana na kirusi, na haikufaa kunyamazishwa.

Ndiyo maana naumia ninapoona vidonge hivi vikinunuliwa kwa ajili ya mgongo, mafua, au ili mtu anenepe. Maumivu yanapoa haraka kweli, hamu ya kula inarudi, uso unajaa. Huko ndani, sukari na presha zinaweza kupanda, na walinzi wa ule ukuta wanalegea.

Kama umevitumia kwa wiki tatu au zaidi, usiviache ghafla usiku wa leo, maana tezi zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa hizi mwilini huwa zimelala, na kuziamsha kunahitaji dozi ipunguzwe polepole. Beba pakiti yake uende nayo kituo cha afya, useme umekuwa ukimeza vingapi kwa siku. Na ikiwa una kikohozi cha wiki mbili, omba makohozi yapimwe palepale. Katika vituo vya serikali Tanzania, kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.