Maana ya Albamu ya Laivu katika Roki ya Progresivu

Albamu ya laivu ni albamu inayotokana na sauti zilizonaswa bendi ikiwa jukwaani mbele ya hadhira, tofauti na ile ya studio, ambako kila chombo huweza kurekodiwa kwa wakati wake na kurudiwa mpaka mpigaji aridhike. Kwa aina nyingi za muziki maelezo hayo yanatosha. Katika roki ya progresivu, mtindo uliochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, hayatoshi, kwa kuwa wanamuziki wake waliitumia studio kujenga nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi na mapigo yanayobadilikabadilika, na msikilizaji alikuwa na haki ya kujiuliza iwapo watu wanne au watano wangeweza kuzipiga bila kukata na kuunganisha tepu.

Bendi ya Yes ni mfano mzuri. Wimbo uliobeba jina la albamu yao ya mwaka 1972, Close to the Edge, unakaribia dakika 19, unajaza upande mzima wa santuri, na studio ulirekodiwa kwa vipande vilivyounganishwa baadaye. Mpiga ngoma Bill Bruford aliondoka mara tu kazi hiyo ilipokamilika, na Alan White, aliyeshika nafasi yake, alikuwa na siku chache tu za kujifunza nyimbo zote kabla ya ziara kuanza. Katika Yessongs, albamu ya laivu ya santuri tatu iliyotoka mwaka 1973, wimbo ule ule unasikika ukipigwa kuanzia mwanzo hadi mwisho na White akiwa kwenye ngoma. Sauti ya albamu hiyo ina ukungu, na besi wakati mwingine inafunikwa, lakini kwangu kasoro hizo ni bei ndogo ya kusikia kwamba kazi ile inapigika.

Hata hivyo, neno laivu lisichukuliwe kama kiapo. Bendi nyingi zilirudi studio baada ya onyesho ili kurekebisha sauti iliyopotoka au kuongeza chombo ambacho hakikusikika vizuri. King Crimson walitoa albamu ya laivu iitwayo USA mwaka 1975, bendi ikiwa imekwisha kuvunjika, na sehemu kubwa ya muziki wake ilinaswa Asbury Park, New Jersey, mwezi Juni 1974. Aliyepiga fidla jukwaani alikuwa David Cross, lakini katika baadhi ya nyimbo fidla inayosikika ni ya Eddie Jobson, ambaye hakuwa mwanachama wa bendi na aliipiga studio baadaye.

Bendi hiyo hiyo ilifanya pia kinyume chake, na hapa ndipo dhana yenyewe inapovutia zaidi. Starless and Bible Black, ya mwaka 1974, kwa kawaida huhesabiwa kuwa albamu ya studio, ilhali sehemu kubwa yake ni ya laivu, na mengi ya hayo yalirekodiwa katika ukumbi wa Concertgebouw mjini Amsterdam tarehe 23 Novemba 1973, kisha makofi yakaondolewa. Vipande kadhaa vilibuniwa pale pale jukwaani. Katika kimoja kiitwacho Trio, Bruford, ambaye baada ya kuondoka Yes alikuwa mpiga ngoma wa King Crimson, alikaa kimya hadi mwisho bila kugusa ngoma, na wenzake wakamtaja kuwa mmoja wa watunzi kwa sababu kujizuia kwake kulikuwa mchango.

Kwa hiyo anayesikiliza albamu ya namna hii anafaidika akianza na toleo la studio, halafu akatafuta mahali ambapo jukwaa limebadilisha jambo. Katika Seconds Out ya bendi ya Genesis, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa Paris na kutolewa mwaka 1977, nyimbo zilizokuwa za Peter Gabriel, mwimbaji wao wa awali, zinaimbwa na Phil Collins, mpiga ngoma wa bendi, na uzito wa ngoma unaongezeka pale Collins anapoungana na Chester Thompson, mpiga ngoma wa ziarani. Kinanda cha Mellotron nacho kinastahili sikio, hasa katika maonyesho ya mwanzoni mwa miaka ya 1970: kila kitufe chake huendesha kipande cha tepu cha takriban sekunde nane, kwa hiyo noti haiwezi kushikiliwa zaidi ya hapo, na joto au umeme usiotulia jukwaani uliweza kuitoa ala hiyo kwenye tuni.

Onyesho lile la King Crimson mjini Amsterdam lilitolewa mwaka 1997 kwa jina la The Night Watch, makofi yakiwemo, hivyo anayetaka kujua kilichokatwa mwaka 1974 anaweza kuzisikiliza albamu hizo mbili zikifuatana, akianza na Fracture, ambayo kwa zaidi ya dakika kumi inamdai mpiga gitaa Robert Fripp asikosee hata kidogo.