Usifukie unyevu wa jikoni kwa simiti

Kaskazi ikishika na watu wa Lamu wakaanza kutengeneza nyumba, maneno ni yale yale: "Jikoni pamechakaa, kuta zatoka unga. Pigeni simiti, muweke vigae hadi juu, tumalize." Msimu huu nimeyasikia mara nyingi mno, basi nayajibu hapa ili anayetaka kubomoa asome kabla ya kulipa.

Sikatai ukarabati. Jikoni nyingi za nyumba za mawe zataka kufanyiwa kazi, tena upesi. Kidari cha meko, yaani jiko la juu ya nyumba, kilijengwa juu kabisa ili moshi utoke, na kilijengwa kwa mafiga, mtungi na kibao cha mbuzi. Maji yalipandishwa kwa mkono na kutumiwa kwa kipimo. Leo chumba kile kile kina bomba la ukutani, sinki, friji, mtungi wa gesi, pengine na mashine ya kufulia nguo, na juu ya paa kuna tangi. Hapo ndipo penye sababu ya kukarabati. Rangi iliyofifia na kabati za zamani zaweza kungoja miaka kumi. Bomba linalovuja ndani ya ukuta haliwezi kungoja Kusi iingie.

Sasa hili la simiti.

Ukuta wa nyumba ya mawe una unene wa karibu nusu mita: mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, na lipu ya chokaa juu yake. Ukuta huu hunywa maji. Hunywa kutoka ardhini, kutoka bomba bovu, kutoka birika iliyopasuka, ile hodhi ya maji, na kutoka choo cha jirani ikiwa ukuta wenu ni mmoja. Chokaa huyaruhusu maji hayo kutoka kidogo kidogo kama mvuke, na chumvi yaliyoibeba hubaki usoni. Ndiyo shura, ule unga mweupe unaolaumiwa. Lipu ya chokaa ikimeguka kwa shura, inafanya kazi iliyowekewa: inaliwa yenyewe ili jiwe lisiliwe. Baada ya miaka unaikwangua, unapiga nyingine, na ukuta uko salama.

Piga simiti juu ya ukuta huo na maji hayaendi popote. Umeyafungia ndani, nayo yatatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni juu. Alama iliyokuwa usawa wa goti utaikuta usawa wa kifua, juu tu ya ukingo wa kigae cha mwisho. Chumvi hugeuka fuwele nyuma ya simiti, hutanuka, na husukuma. Gonga kwa kifundo cha kidole utasikia sauti ya utupu. Siku simiti hiyo inapoanguka huanguka na uso wa jiwe, na jiwe hilo halirudi. Maji yakipanda hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, boriti huoza pale pasipoonekana, huku katikati ya chumba ikionekana nzima. Ndiyo maana boriti hukaguliwa kichwani: choma kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Bisibisi ikizama zaidi ya sentimita moja bila nguvu, usiweke mzigo wowote juu hadi boriti hiyo ibadilishwe.

Kabla ya kumwita mwashi, jua kwanza maji yanatoka wapi. Kata karatasi ya nailoni nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, iache siku nzima. Ikilowa upande wa ukutani, maji yamo ndani ya ukuta. Ikilowa upande wa chumbani, ni mvuke wa wali na mchuzi, na dawa yake ni dirisha. Nimeona watu wakitaka kubomoa lipu nzuri kwa ajili ya mvuke wa sufuria.

Kisha ziba chanzo, halafu ngoja. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira, na ndipo na mimi nisipoweza kuahidi kitu. Kanuni ya waashi ni kwamba ukuta uliolowa hukauka kama sentimita 2.5 kwa mwezi kila upande, yaani ukuta wa nusu mita utake miezi kumi ukiwa wazi pande zote mbili. Kanuni hiyo haijui hewa ya Lamu. Upepo mkavu wa Kaskazi huharakisha, masika hurudisha nyuma, na ukuta unaotazama kichochoro chembamba hukauka kivyake. Mimi hutegemea ile nailoni kuliko kalenda: rudia kila mwezi hadi itoke kavu mara mbili mfululizo.

Lipu yenyewe si siri. Shura hufagiwa kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji umeirudisha ndani ikiwa imeyeyuka. Viungo vya mawe vikwanguliwe hadi sentimita 2. Mchanga uwe wa chembe kali, uoshwe kwa maji matamu. Mchanga wa pwani usiooshwa unakuja na chumvi yake, na ule wa vilima vya Shela uacheni, ndivyo vinavyotunza maji ya visima vyetu. Kipimo ni chokaa kiasi 1 kwa mchanga kiasi 3, lakini msikishike kama amri: chokaa ya tanuri hutofautiana kila choma, na ile ya mfuko ikikaa wazi dukani hufa kabla haijafika kwako. Fundi mzuri hutazama inavyoshika mwiko, akaongeza au akapunguza. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita 1, subiri hadi kidole gumba kisizame lakini ukucha uache alama, likwaruze, kisha piga la pili. Funika kwa magunia mabichi wiki nzima, maana jua na upepo vikiikausha haraka chokaa haishiki, inabaki unga. Mwisho ni niru, ile lipu laini ya chokaa ya kumalizia, milimita 2 au 3, na chokaa ya kupaka. Rangi ya mafuta ni simiti nyingine kwa jina jingine.

Na chokaa hai, ile iliyochomwa na haijatiwa maji, ikizimwa, chokaa ndiyo itiwe kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa hai huchemka na kuruka machoni.

Najua swali linalofuata: "Na nyuma ya sinki?" Hapo chokaa tupu haitoshi, nakubali. Weka kigae sentimita 45 hadi 60 juu ya meza, upana wa sinki na kidogo pembeni, basi. Njia ninayoipenda zaidi ni meza ya jikoni iliyosimama kwa miguu yake, imeachana na ukuta kwa sentimita 2, na ubao wa mvule nyuma yake wa kukinga maji. Ukuta unabaki unapumua. Wenzangu wengine hutumia mchanganyiko wa simiti 1, chokaa 1 na mchanga 6. Ni afadhali kuliko simiti tupu, lakini kwenye ukuta wenye shura nyingi siuamini.

Uzito husahaulika kabisa. Dari ya boriti inabeba chumba chembamba, mita 2.5 hadi 3, kwa sababu hapo ndipo boriti ya mkoko inapofikia. Sakafu mpya ya simiti yenye unene wa sentimita 5 ina uzito wa kilo 120 kwa kila mita ya mraba. Kwa jiko la mita 3 kwa 2.5 hiyo ni kilo 900, kabla ya vigae. Ongeza meza ya zege ya mita 2, upana sentimita 60, unene sentimita 8: kilo 230 nyingine, zote zimesimama mahali pamoja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Nyumba nyingi zina sakafu tatu, moja juu ya nyingine, kwa kuwa kila aliyekarabati aliongeza wala hakutoa. Ondoa zilizozidi kwanza. Tangi likae juu ya makutano ya kuta, lisikae katikati ya dari.

Bomba la maji machafu la sinki liwe la inchi moja na nusu, lishuke milimita 25 kwa kila mita. Mteremko ukipungua hapo, mafuta ya samaki hukaa njiani na kuganda. Lipite nje ya ukuta, lionekane, hata kama halipendezi: bomba lililozikwa kwenye matumbawe huvuja miaka miwili kabla ya mtu kujua. Chini kabisa, kabla ya mtaro, pawe na kisanduku cha kunasa mafuta chenye kifuniko, kisafishwe kila wiki.

Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni. Kwa hiyo tundu la hewa liwe chini, usawa wa kifundo cha mguu, mbali na soketi. Dirisha la juu peke yake halisaidii. Kwa seredani, lile jiko la makaa, ni kinyume: hewa ya sumu ya makaa hupanda na joto, inataka njia ya juu. Jiko linalotumia vyote viwili linahitaji matundu yote mawili, na wanaoziba kidari cha meko kwa vioo ili wapate "jiko la kisasa" wanaondoa yote mawili kwa mkupuo. Cheche chini ya makuti sihitaji kueleza.

Umeme: waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, 6 kwa jiko la umeme, na swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja, ya miliampia 30. Ukutani penye shura soketi hula kutu ndani, basi ziwe juu ya meza. Bawaba za kabati ziwe za shaba, na kabati ziwe na miguu ya sentimita 15. Mbao za unga wa mbao zilizogandishwa hapa hufura.

Nyumba ikiwa ndani ya mji wa kale, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, nendeni kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa kabla ya kugusa ukuta, zidaka (vishubaka vya ukutani) au dari. Nendeni na mchoro, hata wa mkono.

Kwa wale ambao simiti ilishapigwa zamani: msikimbilie kuing'oa yote. Panapolia utupu, toa kwa patasi na nyundo ndogo, kwa mkono. Mashine ya kutoboa hutikisa ukuta mzima. Panapokamata hasa, ukiona patasi inarudi na uso wa jiwe, acha. Kata tu ukanda wa sentimita 30 kutoka sakafuni, ukuta mzima, upige chokaa hapo ili maji yapate pa kutokea chini. Ukanda huo utatoa shura nyingi miezi ya kwanza. Ufagieni mkavu, na msiupake rangi.