Kunyamaza Si Kuzoea

"Mwanzoni alilia sana, lakini sasa kazoea. Watoto husahau haraka." Nimeisikia tena wiki hii kwa mzazi aliyenijia kwa ushauri kuhusu mtoto aliyehamia familia mpya baada ya wazazi kuachana, na kama kawaida nikauliza: umejuaje kwamba kazoea? Jibu halibadiliki. Kanyamaza. Haulizi tena baba yuko wapi, anakula anachopewa, hasumbui mtu. Mzazi anashusha pumzi, mimi ndiyo kwanza naingiwa na wasiwasi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1952 mtafiti wa Uingereza James Robertson alionyesha filamu aliyomrekodi mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini London kwa siku nane, mama akija na kuondoka. Wauguzi wa zama zile walimhesabu mtoto anayelia kuwa tatizo, na aliyenyamaza kuwa ametulia. Robertson na daktari wa akili John Bowlby, baada ya kutazama watoto wengi waliotenganishwa na wazazi, wakaeleza hatua tatu: kupinga, kukata tamaa, kisha kujitenga. Hatua ya tatu ndiyo inayotudanganya. Mtoto anacheza, anatabasamu, anapokea pipi kwa yeyote, na mama akitokea anamwangalia kama jirani. Nikiri kwamba wale walikuwa wadogo sana na utengano wao ulikuwa mkubwa. Kumpimia kipimo hicho mtoto wa miaka tisa mwenye nyumba mbili, ya baba na ya mama, kunahitaji uangalifu. Lakini kosa la mtu mzima ni lile lile.

Basi tazama kama anaishi kama mgeni au kama mwenyeji. Mgeni huomba ruhusa ya kunywa maji. Akimaliza kula anaosha kikombe chake mbio, kabla hajaambiwa. Nguo zake bado zimo ndani ya begi wiki ya sita, na begi liko karibu na mlango. Mwenyeji huacha soksi sebuleni, hugombania rimoti na ndugu wa kambo, husema chakula hakina chumvi. Hudeka. Wazazi hunijia miezi kadhaa baada ya ndoa mpya wakilalamika kwamba "kaanza kiburi", nami mara nyingi nawapa hongera. Lakini si kila badiliko ni habari njema: akianza tena kukojoa kitandani, akikosa usingizi majuma mfululizo, akipiga wenzake, tafuta msaada. Akitaja kutaka kufa, ni leo, si wiki ijayo.

Sasa lile linaloniudhi kuliko yote. Mtoto amekaa Jumamosi nzima na mama wa kambo, wamecheka, wamepika pamoja. Jumapili anamgeukia: "Wewe si mama yangu!" Watu wazima hukimbilia kusema ametiwa maneno na upande wa pili. Inawezekana, ndiyo. Ila mara nyingi hakuna aliyemtia neno. Amegundua kwamba anampenda huyu mama, akahisi amemsaliti yule, na sasa analipa deni. Ndiyo maana ugomvi huja baada ya siku nzuri, na ukimwadhibu hapo unamthibitishia kwamba kupenda kuna gharama.

Dawa iko kwa mzazi wa upande wa pili, naye ndiye asiyependa kuitoa: "Ukimpenda, mimi siumii." Isemwe mara moja, isirudiwe kama wimbo, na uso usiikanushe, maana mtoto husoma uso kabla ya maneno. Jina la kumwita mzazi wa kambo achague mwenyewe. Nidhamu kwa miaka ya mwanzo ibaki mikononi mwa mzazi aliyemzaa. Wa kambo asimamie kanuni zilizokwisha kuwekwa, asije na zake. Na miaka nimemaanisha miaka, wala usitarajie sherehe ya harusi iifanye kazi hiyo.

Katika kila nyumba awe na droo yake na ndoano yake ya begi, zisizotumiwa na mtu hata akiwa hayupo. Akifika kutoka nyumba ya pili, saa ya kwanza usimhoji. "Mlikula nini huko?" kwako ni mazungumzo, kwake ni ujasusi.

Marafiki nao, kama amehamia shule au mtaa mpya. Ushauri wa "nenda ukajitambulishe" ni mbaya. Wanasaikolojia Martha Putallaz na John Gottman walichunguza mwaka 1981 jinsi watoto wanavyojiunga na kundi linalocheza, na wanaojitangaza au kuuliza maswali ndio wanaokataliwa zaidi. Mfundishe hivi: simama karibu, tazama mchezo ni upi, anza kufanya kama wao pembeni, ngoja mpira utoke nje, urudishe, sema neno kuhusu mchezo. Hata watoto wanaopendwa wakati mwingine hukataliwa mara ya kwanza. Rafiki mmoja wa kweli anatosha. Mwalike peke yake (wakiwa watatu, mmoja huachwa), kwa saa moja au mbili, wawe na kitu cha kufanya, na muwaachanishe kabla hawajachokana. Kuhusu kupigia simu marafiki wa shule ya zamani, sina msimamo. Watoto wengine simu hizo huwategemeza, wengine huwazuia kufungua macho walipo.

Na tafadhali, msinitumie michoro ya familia niwafasirie. Aliyejichora kwenye kona huenda karatasi ilimwishia.

Kuna watoto wakimya kwa asili, na katika kikao cha kwanza mimi mwenyewe siwezi kuwatofautisha na waliojitenga. Kipimo ni yeye mwenyewe wa zamani. Kama alikuwa akiimba bafuni, anaimba? Kama alikuwa akibishana kuhusu muda wa kulala, anabishana? Mlezi mpya asiyejua alivyokuwa amuulize aliyemlea kabla yake, hata kama hawasalimiani.