Machi kwetu si majira ya kuchipua: wanayoyakosea wavuvi wa Nairobi

Kila Machi, wavuvi wa burudani hapa Nairobi hutumiana video za Uingereza na Marekani: baridi imeisha, maji yanapata joto, samaki wameamka na njaa. Wengi huchukulia kwamba hata kwetu mambo ni hayo hayo.

Ushauri huo ni wa kweli huko ulikotolewa. Samaki aliyezubaa kwa baridi miezi kadhaa huanza kula jua linaporudi. Lakini Nairobi iko kama nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, na mchana wetu hurefuka na kufupika kwa dakika chache mwaka mzima. Kinachoamua hapa ni mvua. Mito ya Aberdare na Mlima Kenya, ambako trauti walianza kupandikizwa mwaka 1905, huwa na maji machache, safi, kuanzia Januari mpaka masika yashike. Trauti huwinda kwa macho. Mto ukishageuka rangi ya chai ya maziwa, samaki hakioni tena chambo bandia cha manyoya. Kwa hiyo anayengoja Aprili ndipo aende, amekwisha kupitwa na majuma mazuri. Tena awe macho: mvua ikinyesha juu mlimani, mto hufurika ghafla hata kama pale alipo ni jua kali.

Dhana ya pili ni kwamba bahari ni ile ile wakati wowote, mtu apande treni tu. Mabaharia wa Pwani wangemshangaa. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi, na ndio msimu wa kuwafuata nduaro, samaki wakubwa wenye mdomo kama mkuki, Malindi na Watamu. Machi upepo unalegea na kugeuka. Kuanzia Aprili kusi huingia na bahari huchafuka, hata boti nyingi za uvuvi wa burudani hupumzishwa. Jodari wa mapezi ya manjano husubiriwa baadaye, kati ya Agosti na Oktoba.

Na kalenda ya mwezi isisahaulike. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na zile za karibu na Machi 21, usiku na mchana vinapolingana, huwa miongoni mwa kubwa kabisa za mwaka. Mombasa, tofauti ya maji kupwa na kujaa huweza kukaribia mita 4. Ukivua ukiwa umesimama mwambani, jua saa ya maji kujaa kabla hujatupa mshipi, kwa sababu njia uliyojia kwa miguu itafunikwa.

Kuhusu vifaa, kosa linalowagharimu wengi pesa ni namba za ndoana. Mtu huona 10 akadhani ni kubwa kuliko 4. Ni kinyume: katika namba za kawaida, namba ikipanda ndoana inapungua, na 10 ni ndogo kuliko 4. Baada ya 1 ndipo huja 1/0, 2/0, 3/0, na hizo hukua kadiri namba inavyopanda. Tilapia ana mdomo mdogo. Ukimwekea 3/0 atadokoa chambo na kukuachia chuma kitupu.

Wengine hununua mshipi mnene na fimbo nzito wakienda Naivasha kumtafuta mbuta. Naivasha hakuna mbuta! Yeye ni wa Ziwa Victoria na Turkana. Mshipi mwembamba na chubwi jepesi (kizito cha kuzamisha ndoana) vinatosha kwa tilapia.

Rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, iliyotoka baharini haikauki tu ikawa salama. Chumvi inaila polepole. Isuuze kwa maji baridi yanayotiririka taratibu. Ukiipiga kwa maji ya nguvu unaisukuma chumvi ndani.

Linalonitia hofu zaidi ni imani kwamba kiboko hukaa majini tu. Huko hukaa mchana. Jua likizama hutoka kwenda kula nyasi, na mvuvi aliyesimama kati yake na maji yuko hatarini kweli. Naivasha, kusanya vifaa kabla ya magharibi.

Leseni? Ndiyo, hata kwa fimbo moja. Uvuvi wa burudani unahitaji leseni chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na ukiingia hifadhi ya taifa kama Aberdare unalipa pia kiingilio cha hifadhi.