Rubi haipimwi kwa nyundo

Juzi kijana mmoja kaniletea rubi ya Longido ikiwa vipande vitatu ndani ya karatasi. Aliambiwa jiwe halisi halivunjiki kwa nyundo, akajaribu. Nilipomuuliza kwa nini aliamini, akanijibu kwa ile sentensi ya sekondari: "Kampaundi za ioni ni ngumu." Sentensi hiyo imeshavunja mawe mengi mno.

Ngumu kiasi gani? Chumvi ya mezani ni ioni, yaani chembe zenye chaji chanya na hasi zinazovutana, na kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini cha 1 hadi 10, inapata 2.5 tu, kisu kinaikwaruza. Sasa chukua floridi ya sodiamu na oksidi ya magnesiamu. Fuwele zote mbili zimejipanga kama za chumvi, na umbali wa ioni kwa ioni haupishani sana, pikomita 231 na 210. Ya kwanza inapata kama 2.5, ya pili inakaribia 6. Kilichobadilika ni chaji: chaji 1 na 1 kule, 2 na 2 huku, yaani mvutano kama mara nne. Kwa hiyo ukisema "ioni" hujasema kitu. Taja chaji ngapi, zimekaribiana vipi.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Mwaka 1812 Mohs alipanga madini kwa kuangalia lipi linalikwaruza lipi. Basi. Kuvunjika ni habari nyingine kabisa! Vitabu vinachora hivi: nyundo inasogeza safu moja ya fuwele, chanya inakutana na chanya, hasi na hasi, zinasukumana, fuwele inapasuka. Ponda chumvi ya mawe utaona vipande vyenye pembe mraba. Lakini hata mchoro huo hautoshi. Ndani ya chumvi safu zinaweza kuteleza kimshazari bila chaji zinazofanana kukabiliana, na kloridi ya fedha hukunjika bila kupasuka.

Rubi yenyewe ni 9, aluminiamu yenye chaji 3 na oksijeni yenye 2. Ila sehemu ya mshikamano wake ni ya kovalenti, yaani atomu kugawana elektroni, na njia tofauti za kukokotoa sehemu hiyo zinatoa majibu tofauti. Ndiyo maana mimi siiiti ioni tupu.

Na almasi, 10 ya Mohs, isiyo na ioni hata moja, mafundi huipasua kwa pigo moja wakiupata uelekeo wake.

Uhalisi wa jiwe unatafutwa kwa lenzi na refraktomita, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga. Katika vile vipande vitatu, kimoja bado kinaweza kuchongwa vizuri. Nimemwambia akilete.